Kicheko Hakipunguzi Uzito

Nakusalimu wewe uliye Kibwezi mjini, Makindu, Kambu, Masongaleni na Mtito Andei, na wewe uliye ng'ambo ya mto Athi, kule Ikutha na Mutomo. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama uko dukani au kwenye steji, ongeza sauti kidogo, kwa maana leo nina neno na wewe pia.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Mada yetu ya leo ni unene, lakini sitaanza na chakula wala mazoezi. Nitaanza na midomo yetu. Nataka tuzungumze kuhusu jinsi tunavyowachukulia watu wanene, jinsi tunavyowacheka, na jinsi kicheko hicho kinavyowafukuza wagonjwa kutoka mahali ambapo wangepata msaada.

Maneno tunayoyasema

Tega sikio uone kama umewahi kuyasikia maneno haya. Kwenye steji ya boda boda: "Huyu alipe nauli ya watu wawili." Kwenye soko la mitumba: "Mama, saizi yako hapa hakuna, labda ukashonewe hema." Kwenye mkutano wa chama: "Mpeni nafasi, lakini si kwenye kiti cha plastiki." Shuleni, msichana wa gredi ya saba anaitwa Ndovu wa Tsavo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mwalimu anasikia na kunyamaza.

Sasa sikiliza yale mengine. "Umenona, dada! Ndoa imekukubali." "Mzee ana kitambi cha pesa." Halafu kuna hili: "Mbona umekonda hivyo? Kuna nini?"

Umeona, msikilizaji? Mnene tunamcheka. Mnene mwingine tunamsifu. Mwembamba tunamshuku. Mwili wa mwenzetu tumeufanya gazeti ambalo kila mtu ana haki ya kulisoma kwa sauti. Na katika maneno yote hayo, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza: "Ulipimwa presha lini?"

Tumetoka wapi

Mawazo haya hayakutoka hewani. Kwetu Ukambani si nchi ya mvua nyingi, na wazee wetu waliipa kila njaa jina lake. Kuna ile ya miaka ya 1980 inayokumbukwa kwa jina la "nikw'a ngwete", yaani ninakufa nikiwa nimeshika. Mtu alikuwa na pesa mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Katika nchi kama hiyo, mwili mnene ulikuwa ushahidi. Ulionyesha kwamba nyumba ile ina kitu ghalani na kwamba mke wa nyumba ile hateswi.

Wala si sisi peke yetu. Huko Ankole, magharibi mwa Uganda, wasichana wa jamii ya wafugaji walikuwa wakinyweshwa maziwa mengi ili wanenepe kabla ya kuolewa. Mwingereza John Speke alipofika Karagwe, ambayo leo iko kaskazini magharibi mwa Tanzania, mwaka 1861, aliwakuta wanawake wa jamaa ya mfalme Rumanika wamenenepeshwa kwa maziwa. Alimpima mmoja wao mikono, mapaja na kifua, akaviandika vipimo hivyo katika kitabu ili wenzake wa Ulaya wasome. Kwa hivyo kuufanya mwili wa mwanamke kuwa habari ya watu hakukuanza na simu za siku hizi.

Halafu ukaja UKIMWI. Sisi tuko kando ya barabara kuu ya Mombasa, na miji inayolaza malori iliumia sana. Serikali iliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Miaka hiyo, mtu akipungua kidogo tu, watu walinong'ona. Kule Uganda ugonjwa wenyewe ulipewa jina lenye maana ya wembamba. Mtu angeweza kukonda kwa kifua kikuu, kwa kisukari au kwa huzuni ya kufiwa, lakini jirani walikuwa wamekwisha kumhukumu. Tukajifunza kwamba mnene ni mzima na mwembamba ni mgonjwa. Somo hilo halikuwa la kweli wakati ule, na si la kweli leo. Hata sasa ninakutana na akina mama wenye presha au kisukari wanaokataa kupunguza uzito. Wananiambia, "Sista, nikikonda watasema nimeanza."

Juu ya somo hilo la zamani, simu imeleta lingine. Sasa msichana anaambiwa awe na tumbo bapa, kiuno chembamba na makalio makubwa, vyote kwa pamoja. Mwaka 2019 waziri mdogo wa utalii wa Uganda, Godfrey Kiwanda, alizindua mashindano ya urembo ya wanawake wenye miili minene, akayahusisha na kuvutia watalii. Wanawake wengi wa huko walikasirika, wakasema wanafanywa vitu vya kutazamwa. Ninawaelewa. Hata sifa inaweza kumdhalilisha mtu, kama anasifiwa kwa jinsi anavyosifiwa ng'ombe mnadani.

Basi mama wa Kibwezi amesimama katikati. Mama mkwe anataka anenepe. Simu inataka apungue. Steji inamcheka. Daktari anamwambia apunguze chumvi na mafuta. Amsikilize nani?

Hesabu zinasemaje

Tuangalie hesabu kidogo, si nyingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Utafiti wa mwaka 2022 ulipowaangalia wanawake wa miaka 20 hadi 49, uliwapata karibu 45 kati ya kila 100. Kwa wanaume idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo. Na utafiti huohuo wa 2022 ulipata kwamba watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ninapotembelea nyumba, mara nyingine namwona mama mnene na mtoto aliyedumaa chini ya paa moja, wakila kutoka sufuria moja. Hapo utajua kwamba unene si lazima uwe dalili ya shibe njema.

Hesabu nyingine ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka 2015 utafiti wa kitaifa uligundua kwamba watu wazima zaidi ya nusu, 56 kati ya kila 100, hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Wasiowahi kupimwa sukari walikuwa 88 kati ya kila 100. Yaani tunaujua mwili wa jirani kwa nje, lakini damu yetu wenyewe hatuijui.

Watu watatu

Nitakueleza kuhusu watu watatu ambao nimewahudumia. Sitataja jina wala kijiji, kwa sababu siri ya mgonjwa ni amana.

Wa kwanza ni mama wa miaka arobaini na kitu, mwuza ndengu na kunde sokoni. Alikuwa na presha na alikuwa akienda kliniki kila mwezi. Katika kituo alichokuwa akienda, mizani ilikuwa imewekwa barazani, mbele ya foleni. Siku moja alipopanda, kilo zake zilisomwa kwa sauti. Mtu mmoja akapiga mluzi, foleni ikacheka. Mama akashuka, akachukua dawa zake, hakurudi tena. Kwa miezi minane alinunua vidonge alipopata pesa, na alipokosa hakumeza. Asubuhi moja mkono wa kulia ukakataa kuinuka na maneno yakamponyoka. Ilikuwa kiharusi. Alipona kiasi, lakini leo anatembea kwa fimbo na mwanawe ndiye anayeuza sokoni. Ukimuuliza kwa nini aliacha kliniki, hatakuambia habari za dawa. Atakutajia siku ile, na rangi ya shati ya yule aliyepiga mluzi.

Wa pili ni mwanamume, mwenye magari mawili ya kubeba mchanga. Huyu hakuchekwa na mtu. Aliitwa Mheshimiwa. Katika harusi aliwekwa mbele, na kitambi chake kilipigwapigwa kama ngoma. Kwa mwaka mzima alikuwa akiamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, na kila mahali alibeba chupa ya soda kwa sababu ya kiu. Hakuna aliyemwuliza kitu, kwa maana machoni petu alikuwa mfano wa afya. Alikuja kwetu kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona. Sukari ilikuwa juu sana. Vidole viwili vya mguu vikakatwa.

Wa tatu ni msichana wa kidato cha pili. Aliacha chakula cha mchana, na kwa pesa za matumizi akawa ananunua majani ya chai ya kupunguza tumbo kwa mwanafunzi mwenzake. Alizimia gwaride la asubuhi. Tulipompima uzito na urefu, alikuwa na uzito unaomfaa kabisa. Nilipomwuliza nani alimwambia ni mnene, alisema, "Kila mtu."

Watu hao watatu waliumizwa na kitu kimoja. Mmoja alichekwa, mmoja alisifiwa, mmoja alitishwa. Lakini wote walihukumiwa kwa macho, na macho hayapimi presha wala sukari.

Kwa nini kicheko hakisaidii

Kuna watu husema, "Sista, sisi tunawacheka ili wajirekebishe." Nawaheshimu, lakini jambo hilo limechunguzwa, na matokeo yake ni kinyume. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata watu wazima kwa miaka kadhaa. Wale waliokuwa wamebaguliwa kwa ajili ya uzito wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na unene wa kupindukia baadaye. Mwaka 2014 watafiti wa London nao walichapisha matokeo ya watu karibu 3,000 wa Uingereza waliofuatwa kwa miaka minne. Waliobaguliwa waliongezeka uzito, na wasiobaguliwa walipungua kidogo.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mtu anayechekwa hujificha. Haendi kutembea jioni, kwa sababu njiani ataitiwa majina. Hachezi mpira na wenzake. Hula peke yake, na chakula kinakuwa mfariji wake. Mwili wenye fadhaa ya kila siku hulala vibaya na hutamani vitu vitamu na vya mafuta. Mwisho wa yote, haendi hospitali. Na hapo ndipo kicheko kinapoua.

Mwaka 2020 wataalamu kutoka nchi nyingi walitoa tamko la pamoja kwamba kuwadharau watu wanene kunadhuru afya zao, na kwamba si kweli kuwa uzito ni matokeo ya uvivu na ulafi tu. Neno hilo nataka lifike hadi kwa wazee wa baraza.

Unene hutoka wapi

Chakula kina sehemu yake, na sitakudanganya. Zamani hapa kwetu tulikula muthokoi, isyo, mbaazi, kunde, mtama na wimbi, na maji tuliyachota mbali kwa mgongo. Leo mafuta ya kupikia yanapimwa dukani kwa shilingi chache, maandazi yako kila kona, na safari ya kilomita moja ni ya boda boda. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, karibu vijiko saba au vinane vya chai. Ungeweka vijiko vinane katika kikombe chako, mama yako angekunyang'anya kijiko.

Lakini kuna mambo mengine. Kuna kurithi: familia nyingine hunenepa kwa urahisi hata wakila sawa na wengine. Kuna dawa, kama zile za kundi la steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na baadhi ya dawa za kisukari, ambazo huongeza uzito. Kuna ugonjwa wa tezi ya shingoni inapofanya kazi polepole. Kuna ujauzito wa kufuatana, kukosa usingizi, na msongo wa mawazo. Na kuna umaskini. Chakula kinachojaza tumbo kwa bei rahisi mara nyingi ni unga mweupe, mafuta na sukari. Ukimwona mtu mnene barabarani, hujui ni lipi kati ya hayo. Basi nyamaza.

Jipime mwenyewe kwa kamba

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji mizani wala foleni. Hapa Kibwezi mkonge si mgeni. Chukua kamba nyembamba ya mkonge, au uzi wowote usiovutika. Mtu akusaidie kupima urefu wako tangu unyayo hadi utosini, ukate hapo. Ikunje kamba hiyo mara mbili ili ibaki nusu. Sasa izungushe nusu hiyo tumboni, katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umepumua nje kawaida. Ncha zikikutana, kiuno chako kiko chini ya nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili njema. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na hayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Mama mjamzito asitumie kipimo hiki.

Kliniki tunatumia pia hesabu ya uzito na urefu. Tunagawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 31. Kuanzia 25 tunasema uzito umezidi, na kuanzia 30 tunasema unene wa kupindukia. Lakini hesabu hiyo haitofautishi misuli na mafuta, na haisemi kama presha yako iko juu. Ni mwanzo wa mazungumzo, si hukumu.

Kwa hivyo pima presha. Ikiwa inasoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, tuzungumze. Pima na sukari. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na mizani. Mwite mhudumu wa kijiji chako aje nyumbani, akupime chumbani kwako, na matokeo yabaki kati yenu wawili.

Tufanye nini

Wewe uliye na uzito uliozidi, nakuambia hivi. Huna haja ya kuwa mwembamba kama picha ya simu. Ukipunguza kilo tano hadi kumi kwa kila mia za uzito wako, presha na sukari huanza kushuka. Mwenye kilo 90 akifika 84, amefanya kazi kubwa. Punguza soda na sukari ya chai kwanza. Pika mboga kwa mafuta kidogo. Jaza nusu ya sahani mboga za kunde, mchicha au sukuma wiki, robo iwe ndengu au maharagwe, na robo ugali. Tembea kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano za wiki. Njia ya kwenda chemchemi ya Umani ina kivuli kizuri, na ukienda na rafiki hutaogopa majina ya njiani. Na hata uzito usiposhuka, usiache dawa wala kliniki. Mnene anayemeza dawa zake ana nafuu kuliko mwembamba aliyezitupa.

Wewe mume, mke au mzazi, usiseme, "Umekuwa mkubwa kama gunia." Sema, "Nataka tuzeeke pamoja, twende tupimwe wote wawili." Kisha sufuria ya nyumbani ibadilike kwa wote. Usimpe mmoja mboga za kuchemsha huku wengine wakila chapati mbele yake.

Wewe kijana wa boda boda na makanga wa matatu, abiria ni abiria. Patana nauli kwa umbali, kwa upole, na usiwaite wenzako waje kutazama.

Wewe mwalimu, jina la dhihaka ukilisikia na kunyamaza, umelitia sahihi. Likataze siku ya kwanza.

Na ninyi wenzangu wauguzi na wahudumu, tuambiane ukweli. Mizani ikae nyuma ya pazia. Kilo ziandikwe, zisitangazwe. Tuwe na kitambaa kipana cha mashine ya presha, kwa sababu kitambaa kidogo kikifungwa kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo. Na mama mnene akija na maumivu ya tumbo, tumpime tumbo kabla ya kumwambia apunguze uzito. Ana haki ya kuugua kitu kingine kama watu wote.

Maswali ya wasikilizaji

Mama mmoja ameuliza: "Nilianza sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, nikanenepa. Niache?" Dada yangu, ni kweli wanawake wengine huongezeka uzito kwa sindano hiyo. Lakini usiache tu kimya kimya ukapata mimba usiyoitarajia. Njoo kliniki kabla ya tarehe yako, tukueleze njia nyingine kama kitanzi kisicho na homoni, uchague.

Kijana mmoja ameuliza kama chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinafanya kazi. Nyingi ya chai hizo zina dawa za kuharisha. Kilo unazoziona zimepungua ni maji, si mafuta, na maji hayo mwili unayahitaji, hasa katika joto letu. Kuharisha kwa muda mrefu kunaweza kuvuruga chumvi za mwilini na hata mapigo ya moyo. Usinunue.

Swali la tatu limetoka kwa bibi mmoja: "Mkaza mwanangu anapungua kwa kufanya mazoezi, na majirani wanasema mwanangu hamlishi. Nifanye nini?" Bibi, wewe ndiye mwenye sauti hapo kijijini. Waambie, "Mkaza mwanangu ni mzima, na presha yake imeshuka." Maneno hayo yakitoka kwako, yatafunga midomo kumi. Ila mtu akipungua bila kujaribu, aje apimwe, kwa kuwa hilo ni jambo jingine.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, unene na wembamba havisemi mtu ana ugonjwa gani. Kipimo ndicho kinachosema.

Pili, kicheko hakipunguzi uzito. Kinapunguza idadi ya wanaokuja kliniki.

Tatu, kusifu kitambi kunaweza kuficha kisukari.

Nne, presha na sukari zipimwe angalau mara moja kwa mwaka kwa kila mtu mzima, mnene kwa mwembamba.

Tano, siri ya uzito wa mtu ni yake na muuguzi wake.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kama wewe ni mmoja wa wale walioacha kliniki kwa sababu ya aibu, koleo lilivunjika siku ile, lakini kazi haijaisha. Njoo tena. Kama hutaki foleni, fika mapema au mtume mtoto amwite mhudumu wa kijiji. Na wewe uliyecheka, una kazi moja wiki hii: mtafute mtu mmoja mwende pamoja kupimwa. Usimtajie mwili wake. Mwambie tu unataka mwenzi wa njiani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza kuhusu chumvi na jinsi inavyojificha katika vyakula vya dukani. Hadi wakati huo, jitunze, mtunze mwenzako, na uutunze ulimi wako. Kwaheri ya kuonana.